Kabla ya kununua programu ya bili, ipe bili za kliniki yako

Mwenye kliniki akitaka kuacha kitabu cha risiti na kuanza kutumia kompyuta, muuzaji wa programu humjia na maonyesho yaliyopangwa vizuri. Mgonjwa wa kubuni anasajiliwa, anamwona daktari, anapewa dawa, analipa pesa taslimu zote, na risiti inatoka. Yote hayo kwa dakika 15. Bili kama hiyo, hata daftari la duka lingeiweza. Shida za kliniki ziko kwenye bili nyingine: iliyolipwa nusu kwa M-Pesa, ile ambayo bima imekataa sehemu yake, ile ya mtoto aliyeletwa na shangazi asiyejua nambari ya kitambulisho cha mamake.

Somo la toleo hili ni la wenye kliniki za kibinafsi, wasimamizi wa vituo vya mashirika ya kidini, na wahasibu wao. Mkazi asiye na kliniki pia linamhusu. Bili ikipotea ndani ya mfumo, wa kwanza kuumia ni mgonjwa anayepigiwa simu alipe deni alilokwisha kulimaliza. Wa pili ni muuguzi ambaye mshahara wake umekwama kwa sababu madai ya miezi mitatu hayajulikani yaliko. Na kliniki ya mtaani ikifunga mlango, mgonjwa hupanda matatu hadi mjini kutafuta huduma aliyokuwa akiipata kwa kutembea.

Ushauri wetu mkuu ni huu: muuzaji asichague bili ya kujaribia. Mpe zako.

Bili moja, walipaji wengi

Tuchukue mfano. Bei ni za kufundishia tu. Mwalimu wa shule ya kibinafsi mwenye bima ya kampuni anafika na homa. Kumwona daktari ni shilingi 800, vipimo vya maabara 1,200, dawa 1,450. Jumla ni shilingi 3,450. Kati ya dawa hizo kuna moja ya shilingi 450 ambayo bima yake hailipii. Tena mkataba wa bima unamtaka achangie shilingi 500 kila anapotibiwa. Kwa hivyo yeye atalipa 950, na kampuni ya bima itadaiwa 2,500. Mwalimu ana noti na sarafu za shilingi 350. Zile 600 zilizobaki anazituma kwa M-Pesa.

Wiki sita baadaye kampuni ya bima inalipa 2,300. Imekata 200 kwa kuwa bei ya vipimo iliyokubaliana na kliniki ni 1,000 wala si 1,200. Hizo 200 ni za nani? Si za mwalimu. Kliniki ndiyo iliyotia saini mkataba wa bei, na kosa limetoka kwenye orodha yake. Programu nzuri itakuwezesha kuziondoa kwa jina lake, tuseme "tofauti ya bei ya mkataba", kisha bili ifungwe: 950 za mgonjwa, 2,300 za bima, 200 zilizoondolewa, jumla 3,450. Programu mbaya itaziacha zikining'inia kwenye orodha ya madeni mwaka hadi mwaka, au itazihamishia kwa mwalimu, naye apokee ujumbe wa simu akiambiwa anadaiwa.

Programu bora zaidi ingezuia jambo hilo tangu mwanzo, kwa sababu ingejua kuwa mgonjwa huyu ni wa kampuni fulani na kwamba kampuni hiyo ina orodha yake ya bei. Basi muulize muuzaji: je, kila mlipaji anaweza kuwekewa orodha yake? Wengi hujibu ndiyo bila kusita. Mwambie akuonyeshe, tena kwa bei zako.

Ijue mifuko unayodai

Kabla ya kumwita muuzaji yeyote, keti na mhasibu wako mwandike walipaji wote wa kituo. Mara nyingi orodha huwa ndefu kuliko mlivyodhani: pesa taslimu, M-Pesa, kampuni za bima, shamba la chai au shule inayolipia wafanyakazi wake mwisho wa mwezi, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

SHA haipaswi kuandikwa kwenye programu kama mlipaji mmoja tu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda mifuko mitatu. Mfuko wa Huduma ya Afya ya Msingi hugharamia huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya chini, yaani zahanati, kliniki na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vilivyo na mkataba. Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, ndio unaotokana na michango ya asilimia 2.75 ya mapato. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Kituo kinaweza kudai kwa zaidi ya mfuko mmoja kwa wakati mmoja. Programu yenye kitufe kimoja tu cha "SHA" itakuonyesha kwamba unadai pesa, lakini haitakuambia ni pesa za mfuko upi zimechelewa, na hilo ndilo utakaloulizwa ukienda kufuatilia.

Walipaji nao hubadilika. NHIF iliyoanzishwa 1966 iliondoka, na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Kituo kilichokuwa na programu ingekipasa kufanya mambo mawili siku hiyo: kufungua mlipaji mpya, na kuacha wa zamani akiwa wazi na madeni yake yote. Njia ya mkato ilikuwa kubadilisha jina tu, NHIF iwe SHA, kazi iendelee. Aliyefanya hivyo alichanganya madeni ya mashirika mawili kwenye jedwali moja. Kisha Machi 2025 Rais akaagiza vituo vinavyoidai NHIF shilingi milioni 10 au chini ya hapo vilipwe kikamilifu, na madai ya juu ya hapo yahakikiwe kwanza. Kwa mwenye orodha safi, yenye tarehe ya huduma, nambari ya dai na kiasi, hiyo ilikuwa kazi ya kuchapisha karatasi. Kwa aliyechanganya, ni kurudi kwenye faili za vumbi.

Kwa hiyo kila bei kwenye programu iwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Viwango vya SHA hutangazwa na serikali na huweza kubadilishwa. Mama aliyelazwa kabla ya badiliko na kutoka baada yake asitozwe kwa kubahatisha. Programu inayofuta bei ya zamani ukiandika mpya itabadilisha hata ripoti zako za mwaka jana, na hapo mkaguzi wa hesabu hatakuelewa.

Mtihani wa nusu siku

Sasa mwite muuzaji, lakini muda wa maonyesho uupange wewe. Chukua bili 10 au 15 za kweli za miezi iliyopita na ufute majina, nambari za simu na za vitambulisho. Usichague zilizo rahisi. Weka ile ya mama aliyeingia jioni na kujifungua saa nane usiku, ili uone programu inahesabu siku vipi. Weka ya mgonjwa aliyerudisha dawa baada ya daktari kubadilisha maagizo. Weka ya mtu aliyelipa mara mbili kwa M-Pesa kwa sababu mtandao ulichelewa kumjibu. Weka ya mtoto anayetegemea bima ya mzazi, na ya mzee asiye na simu. Weka ya mgonjwa aliyelipia kipimo ambacho mashine iliharibika kabla ya kukifanya. Na lazima uweke dai moja lililokataliwa na bima, likarekebishwa na kupelekwa tena.

Anayebonyeza kibodi awe keshia wako au mhudumu wa mapokezi, si muuzaji. Muuzaji akae kando na kueleza kwa mdomo. Utajifunza mengi kwa kutazama uso wa keshia kuliko kwa kusoma kijitabu cha sifa. Akihitaji kufungua kurasa saba ili kuandika malipo ya shilingi 350, asubuhi ya Jumatatu foleni itafika barabarani, na kufikia Jumatano atakuwa amerudi kwenye daftari "kwa muda tu".

Mwisho wa kazi, jumlisha bili zako kwa karatasi na kalamu, kisha umwombe muuzaji ripoti ya siku. Pesa taslimu zilingane na taslimu, M-Pesa na M-Pesa, na madai ya kila mlipaji yasimame peke yake. Hesabu zikipishana hata kwa shilingi 50, msiachane kabla ya kujua ni kwa nini. Tofauti ndogo mara nyingi hutokana na kosa linalojirudia kila siku.

Dai halijalipwa mpaka liingie benki

Wenye kliniki wengi huangalia mauzo ya mwezi na kufurahi. Mauzo si pesa. Ripoti ya kuitafuta kwanza kwenye programu yoyote ni ile inayopanga madai kwa umri: yaliyo chini ya siku 30, yaliyofika 60, yaliyofika 90 na yaliyozidi hapo, kwa kila mlipaji. Programu isiyo na ripoti hiyo ni mashine ya kuchapisha risiti tu, hata kama rangi zake zinapendeza.

Ripoti ya pili ni ya madai yaliyokataliwa pamoja na sababu zake. Sababu hizo hujirudia: mgonjwa hakuthibitishwa kabla ya huduma, nambari ya uanachama ina kosa, huduma haimo kwenye mkataba, ugonjwa ulioandikwa haulingani na matibabu, dai limepelekwa baada ya muda. Ukiona kwamba nusu ya madai yaliyokataliwa ni ya nambari zilizokosewa, hiyo si kazi ya programu peke yake. Kuna jambo la kurekebisha kwenye dirisha la mapokezi. Ila bila ripoti usingejua.

Kuhusu jina la ugonjwa, bima hutaka misimbo ya Shirika la Afya Duniani, ICD. Toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022, ingawa bado kuna wanaotumia la 10. Programu iwe na uwezo wa kubeba toleo analolitaka mlipaji, na imruhusu tabibu atafute kwa jina la ugonjwa badala ya kukariri herufi na nambari.

Madai ya SHA hupelekwa kwa mtandao kupitia mfumo wa Mamlaka yenyewe. Swali kwa muuzaji: programu yako inazungumza na mfumo huo moja kwa moja, au karani wangu ataandika kila kitu mara mbili? Majibu yote mawili yanaweza kukubalika, lakini bei haiwezi kuwa moja. Akijibu kwamba uunganisho "unakuja", lipa kwa kile kilichopo leo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe.

M-Pesa na KRA

Keshia anayesoma ujumbe kwenye simu ya mgonjwa na kuandika "imelipwa" anafungua mlango wa wizi. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza. Programu inayofaa hupokea taarifa ya malipo kutoka kwenye Till au Paybill yenyewe, ikaiunganisha na bili kwa msimbo wa muamala. Msimbo huo ni wa muamala mmoja tu, hivyo programu ikatae kuutumia kwenye bili mbili. Kama kliniki yako ni ndogo na uunganisho huo ni ghali, angalau msimbo uandikwe kwenye kila bili, na jioni mtu asiye keshia alinganishe orodha na taarifa ya Till.

Upande wa ushuru, kuna jambo linalowachanganya wengi. Huduma za matibabu hazitozwi VAT. Hilo halimaanishi kwamba kliniki haihitaji ankara ya kielektroniki ya eTIMS. Wajibu wa kutoa ankara hiyo unawahusu wafanyabiashara hata wasiosajiliwa kwa VAT, na tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato. Shule au shamba linalolipia wafanyakazi matibabu litaidai ankara hiyo kwako, na usipoitoa litahamia kliniki nyingine.

KRA ina njia kadhaa. Kuna eTIMS Lite ya wafanyabiashara wadogo, inayopatikana hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#, na kuna kuunganisha mfumo wako wa bili na wa KRA moja kwa moja. Njia hii ya pili hufanywa na kampuni zilizoidhinishwa na KRA. Muulize muuzaji kama yumo katika orodha hiyo au anamtegemea mwingine, kisha uhakikishe mwenyewe na KRA.

Nani anaweza kufuta?

Hapa tunaomba mwenye kliniki asome polepole. Kwenye mtihani wako, mwambie keshia aingize bili ya shilingi 2,000, aipokee kama taslimu, kisha ajaribu kuifuta. Ikifutika bila kuacha alama, usinunue programu hiyo. Haijalishi bei yake.

Bili haifai kufutwa. Inabatilishwa kwa kuandika nyingine ya kuirekebisha, ikiwa na jina la aliyeibatilisha, saa na sababu, na iliyobatilishwa ibaki ikionekana. Hata eTIMS hufuata njia hiyo: ankara iliyokwisha kutolewa hurekebishwa kwa hati nyingine, haitoweki. Anayepokea pesa asiwe ndiye mwenye ruhusa ya kubatilisha. Kila mfanyakazi awe na nywila yake. Kliniki ambayo wafanyakazi wote wanaingia kwa jina "mapokezi" na nywila "1234" haina ushahidi wowote siku pesa zitakapokosekana, na mara nyingi lawama humwangukia mfanyakazi mdogo kuliko wote.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za kuidai SHA isivyo halali, ikiwemo kuwaandika wagonjwa wa nje kama waliolazwa, na kudai huduma ambazo hazikutolewa. Mwenye kituo ndiye anayejibu, hata kama dai liliandikwa na karani akiwa peke yake. Kumbukumbu inayoonyesha nani aliandika nini na saa ngapi humlinda mwenye kituo mwaminifu. Ndiyo sababu wachache hawaipendi.

Siri ya mgonjwa

Bili ya matibabu si kama bili ya maji. Inataja kipimo cha HIV, dawa za kifafa, huduma ya baada ya kuharibika kwa mimba. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Kliniki ndiyo mdhibiti wa data na muuzaji wa programu ni mchakataji wake. Kati yao sheria inataka mkataba wa maandishi. Biashara ndogo nyingi zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini anayetoa huduma za matibabu hajasamehewa, hata akiwa na wafanyakazi watatu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mgonjwa, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72.

Kwa vitendo, angalia skrini ya keshia. Je, anahitaji kuona matokeo ya maabara ili apokee pesa? Haimpasi. Anahitaji kuona "vipimo vya maabara" na kiasi. Angalia pia risiti inayochapishwa, kwa maana karatasi hiyo huishia kwenye mfuko wa suruali, mezani nyumbani au kwa mwajiri. Na yule fundi wa programu anayeingia kwenye kompyuta yako kutoka mbali kurekebisha hitilafu, ulizia kama kuingia kwake kunaandikwa.

Stima, intaneti na bei halisi

Programu zinazokaa kwenye intaneti huokoa gharama ya kununua kompyuta kuu na hutunziwa nakala za akiba na muuzaji. Zinazokaa ndani ya kliniki hufanya kazi hata mtandao ukikatika, lakini nakala za akiba ni juu yako, na wizi wa kompyuta moja unaweza kuchukua miaka mitano ya hesabu. Sheria ya ushuru inakutaka uhifadhi rekodi kwa miaka hiyo mitano. Kuna za katikati, zinazoendelea kupokea bili mtandao ukikatika kisha kuzipeleka ukirudi. Kwa sehemu nyingi za mashambani tungependelea hizo. Usiamini maelezo, katikati ya mtihani wako chomoa waya wa intaneti uone kitakachotokea.

Bei ya mwezi ndiyo inayotajwa kwanza, na ndiyo ndogo. Uliza kuhusu ada ya kila mtumiaji anayeongezeka, ada ya kuhamisha kumbukumbu za zamani, mafunzo ya mfanyakazi mpya, ujumbe mfupi, uunganisho wa M-Pesa na eTIMS, na usaidizi wa Jumapili. Jumlisha gharama za miaka mitatu ndipo ulinganishe wauzaji wawili. Aliye nafuu kwa mwezi mara nyingine huwa ghali kwa miaka mitatu.

Pia si kila kliniki inahitaji kununua. Kituo kinachoona wagonjwa 15 kwa siku, wengi wao wakilipa wenyewe, kinaweza kuendelea na kitabu cha hesabu kilichotunzwa vizuri, eTIMS Lite, na mfumo wa SHA kwa madai yake. Programu hailetei daftari chafu usafi. Huharakisha tu uchafu wake.

Wapo watakaopendekeza programu huria, zisizo na ada ya leseni. Kenya ina historia nzuri hapo. Kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta mwaka 2001, na kutokana na kazi hiyo ya Eldoret na washirika wao wa Indiana nchini Marekani ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Lakini OpenMRS ilibuniwa kwa ajili ya kumbukumbu za matibabu, si bili. Bahmni, iliyojengwa juu yake, hutumia programu nyingine iitwayo Odoo kwa kazi ya fedha. Zote ni za bure kuchukua, ila fundi wa kuziweka na kuzitunza si wa bure. Kituo kisicho na fundi wa karibu kifikirie mara mbili.

Wanaotibiwa katika vituo vya umma

Zahanati na hospitali za kaunti hazinunui programu kila moja kivyake. Ununuzi hufuata sheria ya ununuzi wa umma. Hata hivyo Sheria ya Uboreshaji wa Ufadhili wa Vituo vya Afya ya 2023 inaviruhusu vituo vya umma kubaki na kutumia mapato yanayokusanya. Hivyo shilingi isiyoandikwa kwenye mfumo ni glavu au dawa itakayokosekana hapo hapo. Popote unapotibiwa, una haki ya bili inayotaja kila huduma na bei yake, kiasi kilicholipwa na bima, na kiasi ulicholipa wewe. Ukipewa karatasi yenye jumla peke yake, omba mchanganuo.

Kabla ya kutia saini

Mkataba useme data ni ya kliniki. Useme pia muuzaji atajibu hitilafu kwa muda gani, na bei itapanda lini na kwa kiasi gani. Lakini kifungu kinachosahauliwa zaidi ni cha kuachana. Kampuni ndogo za programu hufungwa, huuzwa, au hupandisha ada ghafla. Siku hiyo utahitaji wagonjwa wako wote, bili zote na madai yote ambayo hayajalipwa, katika faili inayofunguka kwenye programu ya kawaida ya majedwali. Faili za picha za kurasa hazitoshi, kwa kuwa hakuna programu nyingine itakayozisoma.

Omba faili hiyo mwishoni mwa ule mtihani wa nusu siku, ikiwa na zile bili zako 10 au 15. Ifungue kwenye kompyuta yako, muuzaji akiwa bado ameketi hapo, na utafute ile bili ya shilingi 3,450: ziko wapi zile 350, 600, 2,300 na 200?